Shajara ya riwaya ya mumiani: mgogoro wa nje ulivyojengwa

Naandika riwaya ya mnyonya damu kwa Kiswahili. Shajara hii naiweka wazi ili anayetaka kujaribu kazi ya namna hii aone njia yote: nilichojaribu, kilichokataa, nilivyokirekebisha na kilichonigharimu. Nitakaa zaidi kwenye mgogoro wa nje (mhusika dhidi ya wanaomzuia) na msuko, kwa sababu hapo ndipo hadithi zetu nyingi za kutisha hukatikia. Zinaanza vizuri, msomaji anashtuka mara mbili tatu, kisha kila sura inakuwa kifo kingine tu.

14 Januari 2024: Mahali na wakati

Sikutaka jumba la mawe kwenye mlima wenye theluji. Pwani ina mumiani wake, na mtoto humsikia kabla hajajua kusoma. Zama za ukoloni, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi hadi Uganda, watu walisimuliana habari za watu wanaolipwa kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Lawama iliwaangukia mara nyingi wazimamoto, wale wenye sare na magari yao. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliitwa banyama. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi haya katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Kilichonisaidia kwake ni kuona kwamba masimulizi hayo yamejaa mambo ya kazi: zamu, vifaa, mishahara, nani kaajiriwa na nani, na analipwa kwa lipi.

Kwa hiyo nimeiweka hadithi kazini, kwenye shamba la mkonge karibu na Pangani. Shamba lenyewe ni la kubuni. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Kwenye riwaya yangu, pamoja na ile 62 alishuka pia mtu mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha ya abiria.

Mwaka wa hadithi ni 1947. Bei ya katani iko juu, kwa kuwa vita vilikata nyuzi za Ufilipino na Java zilipotekwa na Japani. Mradi wa karanga wa Kongwa unaanza na unagombania vibarua na mashamba ya mkonge. Januari wafanyakazi wa Mombasa wamegoma, Septemba makuli wa bandari ya Dar es Salaam watagoma. Kila mwenye shamba anahitaji kila mkono alionao. Wakati nauchagua mwaka huu nilikuwa namtafutia mumiani mahali pa kujificha. Faida yake kubwa ilionekana baadaye.

25 Februari 2024: Rasimu ya kwanza imekwama sura ya saba

Mumiani wa rasimu ya kwanza alikuwa bwana shamba mwenyewe. Anageuka popo, anapita ukutani, anampumbaza mtu kwa macho, risasi haimwingii. Mpinzani wake, Zuberi, ni kijana aliyefiwa na kaka yake na anatafuta kisasi. Sura ya kwanza na ya pili zilikwenda mbio. Kufikia ya saba sikuwa na cha kuandika ila maiti nyingine.

Ili nijue ugonjwa uko wapi, nilichukua kila sura nikaiandikia sentensi moja: nani anataka nini, nani anamzuia, na akikikosa anapoteza nini? Jibu lilikuwa lile lile mara saba. Mumiani anataka damu, Zuberi anamzuia, akishindwa watu watakufa. Sura zikiwa na jibu moja, hata ukizipanga upya msomaji hatagundua, na hapo hakuna msuko, pana matukio yaliyofuatana tu.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni nguvu. Mumiani anayeweza kila kitu hana sababu ya kusubiri, na asiposubiri hana haja ya hila, wala hatishwi na lolote. Mgogoro unahitaji pande mbili zinazoweza kuumizana. La pili ni kumpa bwana shamba meno. Ukatili wake kama mkoloni ulikuwepo tayari. Nilipouongezea meno, kila mhusika akawa ameshaamua yuko upande gani kabla hadithi haijaanza, na hapakuwa na mtu wa kuchagua chochote.

Marekebisho yalianza kwa kuvua. Popo ametoka, ukuta umetoka, macho yametoka. Nilisita kidogo kuhusu jua, nikidhani ni sheria ya asili ya viumbe hawa, lakini kufa kwa jua kulianzia kwenye filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Masimulizi ya kale ya Ulaya hayana habari hiyo. Basi mumiani wangu anatembea mchana, anakunywa chai ofisini, anaandika kwa kalamu ya wino. Kumtafutia udhaifu wake mwenyewe kulinichukua hadi Agosti.

Gharama ya hatua hii: kuchapa rasimu nzima steshenari ili niisome kwa kalamu mkononi, Sh 24,800 kwa Sh 200 kila ukurasa. Kwa kazi ndefu nashauri usikwepe gharama hii. Kwenye simu sikuona kwamba sura zinafanana, kwenye karatasi niliona kwa siku moja.

7 Aprili 2024: Kisiljevo, 1725

Nimetumia wiki kadhaa kusoma kisa kimoja cha kweli, na kimeigeuza riwaya.

Baada ya mkataba wa Passarowitz wa 1718, Austria ilitawala kaskazini mwa Serbia. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo, alikufa mkulima Petar Blagojević. Wiki kama kumi baadaye, ndani ya siku nane, wakafa watu tisa, kila mmoja akiugua kwa muda mfupi tu. Kabla ya kukata roho walisema Petar aliwajia usingizini akawakaba. Mkewe naye alisema mumewe alikuja kudai viatu vyake, akahama kijiji.

Sasa angalia kinachofuata. Wanakijiji wanamwendea ofisa wa Austria, Frombald, wanataka kaburi lifukuliwe naye awepo. Frombald anasema wasubiri ruhusa ya wakubwa Belgrade. Wanamjibu kwamba ruhusa ikija kijiji kitakuwa kimekwisha, na asipokubali wanahama wote. Frombald anachukua padri, wanakwenda. Mwili unakutwa kama haujaoza, na damu mdomoni. Wanaupiga mti moyoni, wanauchoma moto. Frombald anaandika ripoti Belgrade, na mwishoni anaomba kwamba ikiwa kuna kosa asilaumiwe yeye, walaumiwe watu waliopagawa kwa hofu. Ripoti hiyo ikatoka gazetini Vienna mwaka ule ule.

Maiti ndani ya kisa hiki hafanyi lolote baada ya mwanzo. Yuko kaburini muda wote. Kinachovuta ni kijiji na ofisa, na silaha pekee ya kijiji ni kuhama. Ofisa akiwazuia, anabaki na ardhi tupu isiyolipa kodi. Akiwaruhusu, amevunja utaratibu wa wakubwa zake. Yule padri naye amesimama pale akiwa shahidi wa jambo ambalo dini yake ingemtaka alipinge. Watu watatu wanataka mambo tofauti mbele ya kaburi moja, na muda unawaishia.

Hapo nikajua riwaya yangu imekosa nini. Mumiani aliyafanya yote peke yake, na binadamu wengine walikuwa wanasubiri zamu ya kufa.

19 Mei 2024: Zuberi anakuwa dresa

Nimemvua Zuberi kisasi. Sasa ni dresa wa zahanati ya shamba: anafunga vidonda, anagawa kwinini, na kila manamba (kibarua wa mkataba) mpya akifika anamtoboa kidole na kuweka tone kwenye kioo cha hadubini. Manamba wanaona nini? Wanaona mtu wa kampuni, mwenye koti jeupe, anayetoa watu damu. Kazi yake nzuri ndiyo ushahidi dhidi yake.

Kwa hatua moja nimepata wapinzani watatu. Mumiani anataka Zuberi asiangalie vioo kwa makini. Kampuni inataka Zuberi asiseme neno, maana kambi ikisikia mumiani itahama usiku mmoja kwenda Kongwa. Manamba wanataka Zuberi asiwaguse. Kila anachofanya kumridhisha mmoja kinamchongea kwa mwingine. Akinyamaza anawaudhi manamba, akisema anaifukuza kambi, akiacha kutoboa vidole hawezi kujua nani ameanza kukaushwa.

Kipande cha sura ya tatu kama kilivyo sasa:

— Nyoosha kidole.

— Bwana dresa, juzi ulimtoboa jirani yangu. Leo kitanda chake kitupu.

— Ameandikwa mtoro.

— Ameandikwa na nani?

*Zuberi akapangusa sindano kwa spiriti. Nyuma ya yule manamba foleni ilikuwa imenyamaza, na wote walikuwa wanatazama tone likipanda kichwani mwa kidole, jeusi kidogo kwa mwanga wa asubuhi, likingoja kioo.*

Mazungumzo haya yalikuwa marefu, na Zuberi alikuwa anajitetea. Nilifuta utetezi wote. Mhusika akishtakiwa na mtu anayemhitaji, mwache aendelee na kazi. Swali "ameandikwa na nani" likiachwa bila jibu, linaivuta sura ya nne.

30 Juni 2024: Tanga, na neno "mtoro"

Nilikwenda Tanga kutazama mashamba na kuwasikiliza waliofanya kazi ya mkonge. Nauli ya basi kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam, malazi na chakula: Sh 148,000. Sukari na sabuni za kuwapelekea wazee: Sh 22,000. Kama fedha ni ndogo, punguza popote lakini usiikate safari. Harufu ya korona sikuipata kitabuni. Korona ni ule mtambo unaoponda majani na kutoa singa, na makapi yake yanayochacha yana ukali unaobaki puani hadi jioni. Sura ya tano yote inatembea juu ya harufu hiyo, kwa sababu inaficha harufu nyingine.

Mzee mmoja alinieleza kukata mkonge: kwanza unapiga mwiba wa ncha, ndipo unashika jani, na utomvu ukikuingia kwenye ngozi unawasha usiku kucha. Kisha akanieleza kipande. Ni kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku, unatiwa alama. Mafungu yasipotimia, siku haihesabiwi hata kama umeshinda juani. Mshahara unakuja kadi ikijaa. Nikamuuliza, mtu akipotea kambini ilikuwaje? Akajibu kana kwamba nimeuliza jambo la kawaida kabisa: anaandikwa mtoro, basi.

Kumtoroka mwajiri lilikuwa kosa la kisheria katika Tanganyika ya Waingereza, kwa hiyo mtu asiyeonekana ana maelezo tayari, na maelezo hayo yanamfanya yeye mkosaji. Hakuna atakayemtafuta kwa huruma. Nilirudi Dar es Salaam nikijua mumiani ni nani. Ni karani wa vipande.

11 Agosti 2024: Kanuni ya kipande

Hii ndiyo hatua iliyozaa matunda kuliko zote, nitaieleza kwa urefu.

Kanuni ya uchawi wa riwaya sasa ni hii: Karani anaweza kumnywa mtu yule tu ambaye kadi yake haijajaa, na kadi hiyo iwe mkononi mwake. Kwenye shamba langu kadi hukusanywa jioni zitiwe alama, na asubuhi zinarudishwa, kwa hiyo usiku zinalala kwenye sanduku la Karani. Mtu anaweza kuificha kadi yake, lakini asipoitoa hatatiwa alama, na bila alama hana mshahara. Anayejaza nafasi 30 yuko salama usiku mmoja, usiku wa mshahara. Kesho yake anapewa kadi mpya, tupu.

Kanuni hii imefanya kazi nne ambazo rasimu ya kwanza haikuweza.

Imeweka saa. Kila manamba anajua amebakiza siku ngapi, na msomaji anahesabu naye. Mhusika wangu wa pili, anayeitwa kwa namba yake, Mia Mbili na Kumi, anapofika alama ya 26, sihitaji tena mbwa kubweka usiku ili msomaji aogope.

Imempa Karani silaha inayofanana naye. Hana haja ya kucha. Anasema tu, "Mafungu yako hayakutimia," na siku ya mtu imekwenda.

Imemfunga Karani. Rafiki aliyesoma muhtasari aliuliza swali ambalo lingeiua riwaya: kwa nini asikatae kumtia alama kila mtu, milele? Nililihangaikia sana hili, na jibu likatoka kwenye biashara yenyewe. Meneja anahesabu marobota yanayokwenda bandarini. Katani ikitoka nyingi wakati vipande vinaonyesha kazi ndogo, hesabu hazilingani, naye ataitisha vitabu. Kwa hiyo Karani anaweza kuiba siku chache tu kwa mwezi, na kila mtoro mpya anamchongea kwa meneja mwenye njaa ya vibarua. Hapo mwaka 1947 ukalipa. Katika mwaka wa vibarua tele, watoro watano wasingeshtua mtu. Mwaka huu kila mmoja ni pengo, na pengo linaulizwa.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi. Dresa ana mamlaka ya kumpa mgonjwa ED, karatasi ya ruhusa ya ugonjwa, asiende kazini. Siku ya ED haitiwi alama. Zuberi anapomwona mtu amepauka, udaktari unamwambia ampumzishe siku tatu, na kila siku ya mapumziko ni usiku mmoja zaidi wa kadi kulala kwenye sanduku. Akimpa ED anamsogeza kwa Karani. Akimnyima, anampeleka juani mtu mwenye homa akakate majani. Kwenye sura ya tisa anatoa ED kwa nia njema kabla hajaijua kanuni, na mgonjwa anaandikwa mtoro. Kuanzia hapo kila karatasi anayotia saini ina uzito.

Nilipoandika upya zile sentensi za kupima sura, hakuna mbili zilizofanana.

Tahadhari kwa atakayeiga: kanuni ya uchawi usiieleze kwa mdomo wa mhusika mjuzi. Nilikuwa na bibi wa kijiji jirani aliyekuja sura ya sita akaeleza yote. Sura ikawa darasa. Nimemwondoa. Sasa Zuberi anaipata kwa kulinganisha daftari lake la wagonjwa na orodha ya watoro: hakuna hata mmoja aliyepotea akiwa na kadi iliyojaa. Msomaji makini ataigundua sura moja kabla yake, na ndivyo ninavyotaka.

22 Septemba 2024: Fununu kama mpinzani

Nilihitaji nguvu ya nje isiyo na uso, ya kuibana kambi katikati ya kitabu. Nimetumia fununu. Oktoba 2017, kusini mwa Malawi, fununu za wanyonya damu zilienea hadi watu wakauawa na makundi yenye hasira, Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya zilizohusika, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Waliodhurika ni watu wa kawaida, wengine wageni tu waliopita mahali pasipofaa kwa saa isiyofaa. Nililibeba jambo hili kwa uangalifu. Sitaki riwaya inayomfurahisha msomaji kwa kuona kundi likimpiga mtu.

Jaribio la kwanza lilikataa. Niliandika kundi linavamia zahanati, mawe yanarushwa, Zuberi anaokolewa na askari. Lilikuwa tukio la kelele na halikubadilisha kitu: kesho yake kila mtu alirudi alipokuwa. Kipimo ninachotumia sasa ni kuuliza, baada ya tukio hili nani hawezi tena kufanya alichokuwa anafanya jana? Ikiwa hakuna, tukio linatoka.

Jaribio la pili: kundi linamkamata muuza samaki wa Pangani, mgeni, aliyechelewa njiani na taa yake. Zuberi anajua hana hatia, na njia pekee ya kumwokoa ni kusema wazi kwamba watoro hawakutoroka. Anasema. Muuza samaki anaachiwa. Lakini sasa kambi nzima imesikia kwa mdomo wa mtu wa kampuni kwamba kuna mumiani. Meneja anamfukuza kazi, na kwa kufukuzwa anapoteza hadubini, daftari, na haki ya kukaa kambini. Karani, aliyekuwa anaogopa daftari lile, ndiye anayetumwa kulichukua. Sura hii niliimaliza mikono inatetemeka, na hadi leo sijaibadilisha hata nukta.

Kidogo kuhusu mpangilio: tukio hili lilikuwa sura ya 16, nimelileta ya 12. Likiwa la mbali, nusu ya kwanza ilikuwa inazunguka mahali pamoja. Nimeunganisha sura tatu za uchunguzi kuwa moja ili lifike mapema.

3 Novemba 2024: Kilele, mara tatu

Kilele cha kwanza: Zuberi na Karani wanapigana kwenye korona usiku, mtambo unawaka, Karani anaingia kwenye meno ya chuma. Kinasomeka haraka, na kinasaliti kitabu. Kila kitu nilichojenga, kadi, ED, marobota, hakina kazi ndani ya pigano hilo. Ungeweza kulichomoa na kulipachika kwenye riwaya nyingine yoyote. Nimelitupa.

Cha pili: manamba wanavunja ofisi na kuchoma kadi zote. Hiki kilitoka ndani ya kanuni, ila kilikuwa chepesi mno. Watu mia tatu walikubaliana kwa hotuba moja. Nikajiuliza: nani anapoteza kadi zikiungua? Mia Mbili na Kumi ana alama 29. Kesho anajaza. Fedha hiyo ndiyo nauli ya kurudi Kasulu kwa mama yake. Mtu aliyefika juzi ana alama mbili, na kwake moto ni nafuu. Moto ule ule unamwokoa mmoja na kumfilisi mwingine, na hao wawili wanalala chumba kimoja.

Kwa hiyo cha tatu, kilichosimama, kinaanza na mkutano wa usiku kwenye mistari ya vibanda. Dereva wa lori ameleta habari kwamba makuli wa Dar es Salaam wamegoma. Zuberi amejipenyeza kambini kwa kificho. Nusu ya watu bado wanamshuku yeye ndiye mumiani anayetaka ushahidi uteketee. Anayempinga kwa nguvu kuliko wote ni Mia Mbili na Kumi, rafiki yake, na hoja yake ni ya haki. Nimempa maneno yaliyo bora kuliko ya Zuberi. Mgogoro wa nje unadhoofika pale mpinzani wa muda anapopewa hoja ya kijinga ili shujaa ashinde.

Suluhisho linatoka kwa mwanamke anayepika chakula cha kambi, ambaye hana kadi kabisa: msichome, msizitoe. Jioni kila mtu abaki na kadi yake kifuani. Hakuna atakayetiwa alama, lakini hakuna atakayepoteza alizonazo. Kampuni itasimama, meneja atalazimika kuchagua kati ya karani wake na marobota yake. Na Karani, kwa mara ya kwanza tangu 1893, atalala na sanduku tupu.

Sura nne za mwisho ni usiku wa mgomo mmoja baada ya mwingine. Karani ana njaa. Usiku wa tatu anatoka ofisini, anatembea kwenye mistari, anabisha mlango kwa mlango akiomba kwa sauti ya upole apewe kadi moja tu, atie alama. Anabisha kwa Mia Mbili na Kumi, aliyebakiza nafasi moja. Kinachotokea hapo sitakitaja.

8 Desemba 2024: Wasomaji wa majaribio na hesabu

Rasimu ya pili imesomwa na wasomaji watano. Niliwaomba waweke alama mahali walipoiweka chini wakaenda kufanya kitu kingine. Wanne walisimama mahali pamoja: sura ya 14, Zuberi akiwa nje ya kambi baada ya kufukuzwa. Ilikuwa sura ya mawazo na huzuni, hakuna anayemzuia lolote. Nimeifupisha hadi kurasa tatu na kumweka mnyapara anayemtafuta arudishe koti la kampuni. Ni jambo dogo, ila sasa kila mazungumzo yana mtu anayetaka kitu kutoka kwake.

Jina la awali, *Korona*, limekufa. Wote watano walifikiria ugonjwa. Kwa sasa riwaya inaitwa *Alama ya Thelathini*.

Gharama hadi leo: uchapaji wa rasimu mbili Sh 61,400, safari ya Tanga na zawadi Sh 170,000, bando na kupakua makala Sh 45,000, soda na vitafunwa vya wasomaji siku ya kujadili Sh 38,000. Jumla Sh 314,400. Mhariri amekubali kazi kwa Sh 450,000, nusu mwanzo na nusu akimaliza. Fedha hiyo bado naikusanya.

Kilichobaki kabla ya kumkabidhi: padri wa Kisiljevo amenipa wazo ambalo sijalitendea haki. Kambini kuna imamu anayeongoza sala za maiti, na watoro hawajawahi kusaliwa, kwa kuwa hakuna mwili na rasmi wako hai. Siku kambi itakapojua ukweli, je, atawasalia watu ambao kampuni imewaandika watoro? Akiwasalia, amelitangazia shamba zima kwamba orodha ni ya uongo, na nyumba anayokaa ni ya kampuni. Naiandika sura hiyo Januari, iingie kati ya ya 17 na ya 18, na nitaweka hapa matokeo yake pamoja na zile zitakazolazimika kusogea.